Utambi Katikati ya Chombo: Historia Fupi ya Mwanga wa Nyumbani Mtaani Asiatique

Mwalimu wa lugha akiulizwa na wanafunzi wake maana ya neno "utambi", aghalabu hujibu kwa haraka kuwa ni uzi wa taa, kisha huendelea na somo. Sisi nasi tulijibu hivyo kwa miaka mingi, mpaka usiku mmoja umeme ulipokatika tukiwa wageni katika mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, tukisahihisha insha. Mwenyeji wetu alituletea mshumaa alioutengeneza mwenyewe kwa kuyeyusha masalio ya mishumaa mingine na kuyamimina ndani ya bilauri. Haikupita saa nzima, mwali ukaegemea upande mmoja. Kioo kikalia, kikapasuka, na nta ya moto ikaenea juu ya madaftari. Insha 11 hazikusomeka tena. Bibi wa nyumba ile alizitazama, akasema, "Mwalimu, nta haina kosa. Utambi ndio uliolala."

Kauli hiyo ndiyo asili ya makala haya. Tulitaka kujua ni kwa njia gani watu wameusimamisha utambi tangu zamani, na kwa nini mshumaa wa ndani ya chombo huwashinda wengi.

Asiatique ni mahali pafaapo kuanzia uchunguzi huo. Wajerumani walijenga boma lao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji wakauteka mji mwaka 1916, nao wakaupanga kwa kuwatenga watu kwa rangi na asili zao. Wahindi na Waarabu wenye maduka walipewa mtaa wao, ukaitwa kwa Kifaransa jina ulilo nalo hadi leo, ilhali Waislamu Waafrika wasemao Kiswahili walikaa Buyenzi. Mji uligeuzwa jina kuwa Bujumbura wakati wa uhuru wa mwaka 1962. Utengano ule ulikuwa dhuluma, wala hatuupambi. Lakini biashara haikujua mipaka hiyo. Mnunuzi wa Buyenzi alivuka kwenda dukani Asiatique, na kila aliyevuka alikuwa na desturi yake ya kuwasha taa.

Wahindi wa dini ya Kihindu waliofika Afrika Mashariki walikuja na diya, kijitaa cha udongo kitiwacho samli au mafuta, ambacho huwashwa kwa wingi katika sikukuu ya Diwali. Utambi wa diya ni pamba iliyosokotwa kwa viganja. Haushikwi na kitu. Hulazwa tu kwenye mdomo wa chombo, ncha ikatokeza nje kidogo. Udongo hauogopi moto wa kando, kwa hiyo hapana haja ya kuutafuta utambi kitovu. Pwani ya Tanganyika nayo haikukosa mafuta: Rumonge, kusini mwa Bujumbura, inajulikana kwa michikichi na mawese yake, na bonde la Imbo lililimwa pamba chini ya utawala wa Wabelgiji.

Yalipoenea mafuta ya taa, mafundi bati waliokata makopo matupu wakatengeneza kibatari. Wengine hukiita koroboi, na Waganda husema tadooba. Kibatari hudharauliwa kwa moshi wake, na kwa haki, maana huyachosha macho na mapafu ya watoto wetu. Hata hivyo fundi aliyekibuni alitatua jambo kubwa: aliupitisha utambi katika shingo nyembamba ya bati, iliyosimama katikati ya kifuniko. Hata chombo kikitikisika, utambi hauhami.

Mshumaa wa kusimama una njia nyingine kabisa. Mtengenezaji wa kale aliuchovya uzi katika nta ya nyuki, akauacha ukauke, akauchovya tena na tena. Nta ilijizungushia uzi, na katikati ikapatikana yenyewe bila kutafutwa. Uzi huo ulikuwa wa kusokotwa, nao ulibaki mrefu ukitoa masizi, hata ikalazimu kuukata kwa mkasi kila mara. Mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alianza kutumia utambi uliosukwa kama msuko wa nywele. Utambi wa namna hiyo hujipinda unapoungua, ncha yake ikafika ukingoni mwa mwali na kuteketea. Mwaka 1834 Joseph Morgan wa Uingereza alitengeneza mashine ya kumimina mishumaa katika kalibu, na humo utambi hunyoshwa kwa kuvutwa juu na chini.

Sasa tutazame bilauri. Haina tundu chini la kuufungia uzi, wala shingo juu ya kuupitishia. Isitoshe, ikiwaka, sehemu ya juu yote huwa kimiminiko. Kwa maoni yetu kitu hiki kina sura ya mshumaa na tabia ya taa, na atakaye kukitengeneza ajifunze kwa fundi wa kibatari.

Bibi yule alituonyesha asubuhi yake. Alisuka nyuzi tatu za pamba, akazichovya katika nta ya moto mpaka mapovu yakaisha, akauvuta utambi ukanyooka na kukauka mgumu kama kijiti. Kwa bati la kopo alikata duara dogo, akalitoboa katikati, akaupitisha utambi na kulibana tundu. Duara hilo alilibandika kwenye kitovu cha bilauri kwa matone ya nta, akangoja lishike barabara. Juu ya mdomo wa bilauri aliweka vijiti viwili sambamba, akaubana utambi baina yake, akaufunga kwa uzi. Kisha akamimina polepole, kwa sababu nta ikiwa ya moto kupita kiasi huyeyusha yale matone ya chini, na duara likaelea pamoja na utambi wake. Bila shaka hilo ndilo lililompata mwenyeji wetu, ikiwa alilibandika duara hata kidogo!

Kazi haikuishia hapo. Nta hujikunja inapopoa, ikaacha shimo kuuzunguka utambi. Bibi alilijaza kwa umiminaji wa pili, bila kugusa vijiti. Ilipoganda kabisa ndipo alipovitoa, akaukata utambi ukabaki kama robo inchi. Nta yenyewe aliiyeyusha katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana mvuke wake hushika moto. Na ikishika, humwagiwi maji, hufunikwa. Asiatique hakuko mbali na lilipokuwa Soko Kuu, lililoteketea tarehe 27 Januari 2013. Hatusemi kwamba msiba ule ulitokana na mshumaa. Twasema tu kwamba mtu wa mtaa ule hahitaji kufundishwa kuuheshimu moto.

Tukirudi kwenye lugha, vitu hivi vimebeba safari zake katika majina. Nta ni neno letu la Kibantu. Mshumaa umetoka katika Kiarabu, ambamo shina lake lamaanisha nta. Kandili pia ilitujia kwa Kiarabu, lakini Waarabu wenyewe waliipokea kutoka kwa Warumi waliosema candela. Mjini Bujumbura watu wengi husema buji, kwa kufuata Kifaransa bougie. Na Bougie ni jina la zamani la bandari ya Béjaïa, nchini Algeria, iliyowauzia watu wa Ulaya nta katika karne za kati. Kwa hiyo mtoto wa Asiatique aombaye buji ameutaja mji wa Afrika bila kujua. Tambi nazo, kwa wingi, zimehamia hata sahanini, yamkini kwa sababu ya umbo lake.

Limebaki jambo moja lililotushinda. Kile kiduara cha bati kiushikacho utambi chini, bibi alikiita "kile cha chini" tu. Sisi tumekuwa tukikiita kitako cha utambi darasani, na wanafunzi wamekicheka. Msomaji aliyesikia jina jingine kwa mafundi wa Buyenzi, Kigoma, Uvira au Unguja, tunamwomba atuandikie.