Kanieneo, si Shinikizo

Kijitabu kimoja cha magari mepesi ya michezo, kilichotafsiriwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo, kinamwagiza mwenye gari "apunguze shinikizo la matairi". Ningependa kujua matairi hayo yalikuwa yakimshinikiza nani, na kwa madai gani.

Shinikizo ni neno lenye heshima zake. Lina undugu na shindikizo, chombo cha kushindikia ufuta na miwa, na asili hiyo haijalitoka: kinachoshinikizwa hubanwa kutoka nje mpaka kitoe kitu, yawe mafuta au iwe saini. Ndiyo maana linawafaa wanasiasa na wadai. Hewa iliyomo ndani ya tairi hufanya kinyume: husukuma kwenda nje, pande zote, wala haimkamui mtu chochote. Mgandamizo nao tuwaachie watabiri wa hali ya hewa. Na upepo, neno la gereji ninalolipenda, hutaja kinachojazwa, si nguvu yake.

Neno lipo, nalo ni kanieneo. Kani ni nguvu, ileile ya mtu anayetenda jambo kwa kani. Eneo limetokana na kuenea. Yaani, nguvu pamoja na mahali ilipoenea. Wanafunzi wa fizikia hulitumia bila kuumwa kichwa, lakini kamati ya kijitabu hicho, ambayo sikualikwa katika vikao vyake, imeliona "zito kwa msomaji wa kawaida". Msomaji huyo hakuulizwa.

Wanakamati wangelisikiliza neno lenyewe, lingewafanyia hesabu. Mazda MX-5 ya 1989 haifiki tani moja. Kila tairi hubeba kilo 240 hivi, na kiwanda kimeipangia paundi 26 kwa inchi ya mraba. Geuza kilo kuwa paundi, kisha gawanya kani kwa kanieneo, utapata eneo la mpira linalogusa lami: kama inchi 20 za mraba, kwa hesabu ya karatasi, maana kuta za tairi nazo hubeba kidogo. Jaza paundi 36, kama ilivyo desturi kwa magari mazito ya familia, na eneo hilo litashuka chini ya inchi 15. Gari litarukaruka, na katikati ya tairi kutalika mapema. Lotus Seven, yenye kama nusu ya uzito wa Mazda hiyo, huridhika na paundi chini ya hizo 26. Shinikizo lingekudokeza lipi kati ya hayo?

Kwa matumizi: pima matairi yakiwa baridi, anza na namba ya kiwanda, rekebisha paundi moja moja, usishuke mpaka tairi lilegee kwenye kona na kupata moto.

Toleo la pili la kijitabu likija, kamati isisumbuke kunialika. Ibadilishe neno tu.