Kulala Uwani

Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi ya 1964, Pemba ilishikwa na hofu ya pepo aitwaye Popobawa. Watu walisimulia kwamba usiku hukandamizwa kitandani, viungo vikafa, sauti isitoke. Wengine walisema wameingiliwa. Hofu ikavuka bahari hadi Unguja na Dar es Salaam. Watu wakatoka vyumbani, wakatandika mikeka uwani, wakawasha moto na kukesha pamoja. Wapo wanaokicheka kisa hiki. Mimi siwezi.

Jina Popobawa ni la juzi tu. Mtu wa Micheweni, Pemba, alikwisha kuwa na neno lake: jinamizi. Umelala chali, unaamka, macho yanaiona dari, lakini hata kidole hakikutii, na kifuani pamekaliwa. Kule Newfoundland, Kanada, huyo anayekukalia ni kizee wa kike. David Hufford alikusanya visa vya wenyeji na kuvitolea kitabu mwaka 1982. Wajapani husema umefungwa kwa chuma, kanashibari. Wakambodia husema mzuka umekukandamiza.

Kinachowakutanisha ni mwili. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ili tusirushe mateke. Mara nyingine akili huzinduka kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto ikaendelea macho yakiwa wazi. Sidhani maelezo haya yanatosha kwa yote ya 1995, maana joto la siasa nalo lilikuwa kubwa, lakini kile kifua kilichokaliwa yanakieleza vizuri.

Mila huachana kunapokucha. Newfoundland, mwenzako akikuona umekabwa hukuita jina lako kinyumenyume, uzinduke. Pemba kuna kisomo, kuna Ayatul Kursiy, kuna kombe la zafarani la kunywa. Popobawa alikuja na sharti jingine: ilisemekana humwamuru aliyemwendea akawaambie watu, la sivyo atarudi. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Kwetu mambo ya mwili husitiriwa, na mwanamume aliyedhalilishwa angekufa nalo moyoni. Hofu hii ikampa ruhusa, tena amri, ya kusema, na aliyesema hakuambiwa ana wazimu. Alipewa nafasi mkekani. Tabibu wa usingizi atakueleza chanzo kwa usahihi, kisha atakurudisha chumbani kwako peke yako. Kulala uwani kuliijibu ile hofu ya kuwa peke yako gizani, ambayo maelezo ya misuli hayaigusi.

Lakini kulala uwani nako kuna lake. Kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayoleta jinamizi. Aliyekesha siku tatu motoni, akisikiliza visa vya waliokabwa, alijiandaa bila kujua kukabwa usiku wa nne. Dawa ya moyo ikawa chakula cha ugonjwa.

Na ule umoja wa mkekani ulikuwa na mpaka. Walioketi kuzunguka moto walijuana kwa majina na kwa koo. Asiyejulikana, anayetembea usiku, anayesema yasiyoeleweka, alibaki nje ya mwanga. Mwaka huohuo, mjini Zanzibar, kundi la watu lilimuua mtu mwenye maradhi ya akili, likidhani limemkamata Popobawa.