Bunduki iliyonunuliwa jimbo jingine Marekani: kodi yake inalipwa wapi, na nani?

Msikilizaji wetu mmoja wa Kasulu alituletea ujumbe mrefu studio. Mpwa wake aliondoka kambi ya Nyarugusu na wazazi wake miaka kadhaa iliyopita. Sasa yuko Marekani, ana kazi na ana kibali cha ukaazi wa kudumu. Siku moja akapokea barua kutoka ofisi ya kodi ya jimbo analoishi. Barua inamdai kodi ya bunduki ya kuwindia aliyoinunua jimbo la jirani, pamoja na riba na faini. Kijana anasema aliinunua dukani mchana kweupe, akalipa, akapewa risiti. Mwezi ule hela ya ada anayowatumia wadogo zake haikuja.

Mjomba akauliza: "Huyu si anatapeliwa? Kodi ya kitu kilichokwisha kulipiwa inatoka wapi?"

Tulijibu hewani kwa kifupi, muda ukatuishia. Wengi mkaomba maelezo ya maandishi ili muwatumie ndugu zenu walioko huko. Ndiyo haya.

Jibu kwa kifupi

Kodi hiyo ipo na ni halali. Inaitwa kodi ya matumizi. Karibu kila jimbo la Marekani linalotoza kodi ya mauzo madukani lina pia kodi ya matumizi kwa vitu ambavyo mkazi wake amevinunua nje na kuja kuvitumia nyumbani. Inahusu bunduki, samani, kompyuta, hata trekta. Ila sheria inaruhusu kupunguza kile ulichokwisha kulipa kule ulikonunua, na hapo ndipo watu wengi hupoteza haki yao kwa sababu wametupa risiti.

Kodi mbili, lengo moja

Marekani haina VAT kama yetu. Kodi ya kununua vitu inatozwa na majimbo, na mara nyingi wilaya au mji huongeza kiasi chake juu. Kila jimbo lina kiwango chake. Idaho na Kentucky hutoza asilimia 6, Indiana asilimia 7. California kiwango cha chini ni asilimia 7.25. Majimbo matano hayana kabisa kodi ya mauzo ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon.

Sasa fikiria mtu anayeishi Idaho. Upande mmoja amepakana na Oregon, upande mwingine Montana. Akivuka mpaka kwa gari lake ananunua bila kodi. Kama sheria ingeishia hapo, wenye maduka wa mpakani upande wa Idaho wangefunga milango. Ndiyo maana jimbo linasema: ukinunua nje na kuleta kutumia kwangu, utanilipa mimi kile ambacho ungelipa dukani kwangu.

Kwa Mtanzania jambo hili si geni. Kwa miaka mingi, aliyenunua televisheni Zanzibar na kuivusha hadi Dar es Salaam alidaiwa tofauti ya kodi bandarini. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini hoja ya watoza kodi ilikuwa ileile: kodi inafuata mahali kitu kinapotumika. Tofauti ni kwamba kati ya majimbo ya Marekani hakuna forodha wala kizuizi cha barabarani. Mtu anapita tu, na ni juu yake mwenyewe kutoa taarifa.

Ilianzaje

Kodi za mauzo zilienea Marekani miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, majimbo yalipokuwa hayana fedha. Jimbo la Washington lilianzisha yake mwaka 1935, pamoja na kodi ya matumizi ya asilimia 2.

Wakati huo lilikuwa likijengwa bwawa kubwa la Grand Coulee kwenye mto Columbia. Makandarasi wake walinunua mitambo nje ya jimbo, wakaja kuitumia pale, wakadaiwa kodi. Walikwenda mahakamani wakisema jimbo linatoza biashara ya majimbo mengine. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja yao. Ilisema kodi hii ni kwa kukitumia kitu ndani ya jimbo, na inamweka aliyenunua nje sawa na aliyenunua ndani. Tangu hapo msingi huo haujabadilika.

Kilichobadilika ni nani anaikusanya. Kwa miongo mingi, muuzaji wa mbali asiye na duka wala wafanyakazi ndani ya jimbo hakuweza kulazimishwa kulikusanyia kodi. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1967 na ikarudia mwaka 1992. Mnunuzi aliachiwa dhamana yake mwenyewe, na wengi hawakulipa. Kisha biashara ya mtandaoni ikakua. Mwaka 2018, katika kesi ya jimbo la South Dakota dhidi ya kampuni ya samani ya Wayfair, mahakama hiyo ilibadili msimamo: muuzaji wa mbali mwenye mauzo ya kutosha ndani ya jimbo anaweza kutakiwa kukusanya kodi hata kama hana duka huko.

Kwa nini bunduki si kama viatu

Viatu ukiviagiza vinaletwa hadi mlangoni. Bunduki haiji hivyo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inataka silaha inayouzwa kwa mkazi wa jimbo jingine ipite kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu.

Njia ziko mbili.

Bastola: ukiipenda iliyoko jimbo jingine, huwezi kukabidhiwa huko. Inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo unaloishi. Unakwenda dukani kwake, unajaza fomu ya serikali kuu, unachunguzwa kumbukumbu zako, ndipo unakabidhiwa.

Bunduki ndefu, ya kuwindia kwa mfano: hii unaweza kukabidhiwa na muuzaji mwenye leseni katika jimbo jingine ukiwa umefika mwenyewe, mradi ununuzi unakubalika kwa sheria za majimbo yote mawili. Pia inaweza kutumwa kwa muuzaji wa jimbo lako kama bastola.

Hata mtu binafsi akikuuzia bunduki kutoka jimbo jingine, lazima ipite kwa mwenye leseni. Silaha ya urithi ina utaratibu wake.

Kwa hiyo kila bunduki inayonunuliwa kwa njia ya halali inaacha karatasi: tarehe, mnunuzi na duka. Viatu vilivyokwepa kodi havina kumbukumbu ya namna hiyo. Duka la silaha ni biashara, na hesabu zake hukaguliwa na watu wa kodi kama za duka lingine lolote. Majimbo nayo hupeana taarifa za mauzo. Anayedhani hakuna atakayejua, asiweke matumaini yake hapo.

Tupige hesabu

Tuchukue bunduki ya dola 600 na mnunuzi wa Idaho, kiwango cha asilimia 6.

Ameinunua Montana, dukani hakutozwa kodi. Anadaiwa nyumbani dola 36.

Ameinunua jimbo jingine na dukani ametozwa asilimia 4, yaani dola 24. Nyumbani anadaiwa tofauti tu, dola 12.

Ameinunua mahali alipotozwa asilimia 7, yaani dola 42. Nyumbani hadaiwi kitu. Zile dola 6 za ziada harudishiwi.

Angalia mfano wa katikati. Mtu asiye na risiti atadaiwa dola 36 zote, kwa sababu hana cha kuonyesha kwamba 24 alikwisha zilipa.

Nani anaikusanya?

Kuna uwezekano wa aina tatu.

Kwanza, muuzaji wa mbali amesajiliwa katika jimbo la mnunuzi. Huyo anakata kodi palepale, na inaonekana kwenye risiti kwa mstari wake. Mnunuzi amemaliza.

Pili, muuzaji wa mbali hakukata. Baadhi ya majimbo humtaka muuzaji wa karibu, yule anayekabidhi silaha, aikusanye kabla ya kuitoa.

Tatu, hakuna aliyekata. Hapo mnunuzi anatakiwa kuitaja mwenyewe. Majimbo mengi yameweka mstari wa kodi ya matumizi kwenye fomu ya kodi ya mapato ya kila mwaka. Watu wengi huandika sifuri bila kusoma. Mpwa wa msikilizaji wetu alifanya hivyo.

Hatari ya kinyume nayo ipo: kulipa mara mbili. Muuzaji wa mbali amekata, na wa karibu naye anataka kukata. Dawa ni kwenda na risiti ya kwanza na kumwonyesha mstari wa kodi.

Mauzo ya mtu na mtu hutofautiana kwa jimbo. Washington, kwa mfano, imesamehe kodi hii pale watu wawili wasio wafanyabiashara wanapouziana silaha na kutimiza masharti ya uchunguzi. Mississippi nayo ina siku maalumu kila mwaka ambazo silaha huuzwa bila kodi ya mauzo. Kwa hiyo usichukue jibu la ndugu wa jimbo moja ukampa wa jimbo jingine.

Malipo mengine yanayochanganywa na kodi hii

Ipo kodi ya serikali kuu inayolipwa na mtengenezaji au anayeingiza silaha nchini: asilimia 10 kwa bastola, asilimia 11 kwa bunduki nyingine na risasi. Ilitokana na sheria ya mwaka 1937, na fedha zake huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Mnunuzi haioni kwenye risiti, imeshaingia kwenye bei.

Yapo majimbo yaliyoongeza ya kwao juu ya kodi ya mauzo. California ilianza kutoza asilimia 11 kwa wauzaji wa silaha na risasi Julai 2024. Colorado ilifuata Aprili 2025 kwa asilimia 6.5.

Na ipo ada ya huduma ya yule muuzaji wa karibu anayepokea na kukabidhi. Hiyo ni malipo yake ya kazi. Kuilipa hakumaanishi umelipa kodi.

Barua ikifika

Mwambie ndugu yako asiitupe na asiwahi kulipa kabla ya kuhakiki.

1. Atafute mwenyewe tovuti au namba rasmi ya ofisi ya kodi ya jimbo. Asitumie namba iliyo kwenye ujumbe wa simu anaoutilia shaka.

2. Anayepiga simu akitishia polisi na kutaka alipwe kwa kadi za zawadi za madukani ni tapeli. Ofisi ya kodi haikusanyi hivyo.

3. Atafute risiti. Kama imepotea, aombe nakala kwa duka lililouza.

4. Ajibu kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kunyamaza hakufuti deni, riba inaendelea kupanda.

5. Kama ni kosa la kwanza, aombe kwa maandishi apunguziwe faini. Aombe pia kulipa kwa awamu kama mzigo ni mzito.

Mambo matatu mazito kuliko kodi

Kosa la kodi kwa kawaida humalizwa kwa fedha. Haya yanaweza kumfikisha mtu gerezani, na mgeni anaweza hata kufukuzwa nchini.

Aliyeko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa masharti machache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuruhusiwa kama raia, lakini asome sheria za jimbo lake.

Asimnunulie mtu mwingine bunduki huku akijiandika kwenye fomu kwamba ni yake. Hata akiwa ni kaka yake wa tumbo moja. Kusema uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai.

Asiweke silaha wala risasi kwenye kontena la nguo na vipuri linalokuja nyumbani. Kutoa silaha Marekani kunahitaji kibali cha huko, na huku Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inayotaka kibali na leseni. Mpokeaji naye atakamatwa.

Mpwa wa Kasulu je?

Mjomba wake alituandikia tena. Barua ilikuwa ya kweli. Kijana alipiga simu ofisini akitumia namba aliyoitafuta mwenyewe, kisha akatafuta risiti yake, akaikuta kwenye boksi la bunduki. Duka la jimbo la jirani lilikuwa limemkata asilimia 4. Aliituma, deni likashuka hadi ile tofauti, na faini akaomba asamehewe kwa kuwa ni mara ya kwanza. Jibu la faini bado analisubiri.

Ada ya wadogo zake imefika, imechelewa wiki tatu. Mjomba anasema sasa kila akizungumza naye kwa simu, kabla ya kuagana humwuliza: "Na risiti umeziweka wapi?"