Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa: ndege inakamata masaa ngapi?

Mkaaji wa Mulungwishi mwenye rendez-vous ku ubalozi fulani, Kinshasa, saa 9h00 ya asubui, asifikirie kuruka siku ileile. Hesabu yenyewe ni hii.

Kati ya kiwanja cha ndege cha Luano, Lubumbashi, na kile cha N'Djili, Kinshasa, kuko kilometa kama 1.550 kwa mstari ulionyooka. Ndege kubwa ya reaktere inakimbia karibu kilometa 800 kwa saa, lakini kupanda na kushuka kunaipunguza mwendo, kwa hiyo safari inakamata masaa mawili na dakika kidogo. Ndege ndogo za helisi zinaweza kupita masaa matatu.

Kinachochanganya watu ni saa. Inchi yetu iko na saa mbili: Haut-Katanga, Lualaba, Kasaï, Maniema, Kivu na Ituri wako mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ndege ikitoka Luano 10h00, ikaruka masaa mawili na dakika 15, inafika N'Djili 11h15 ya kule. Kurudi ni kinyume: ukitoka Kinshasa 10h00, unatua Lubumbashi 13h15. Safari ni ileile, ni saa ndiyo imekula mtu. Tiketi inaandika saa ya kila mji, kwa hiyo ukitoa moja ku ingine bila kuangalia, utadanganyika. Na simu isiyojibadilisha yenyewe itakuchelewesha siku ya kwanza nyumbani.

Lakini kwa mtu wa Mulungwishi, njia ya chini ndiyo ngumu. Mpaka Likasi ni kilometa kama 30, halafu 120 ingine mpaka Lubumbashi, pamoja na malori ya madini. Kolwezi, upande mwingine, nayo iko na kiwanja chake, mbali karibu sawasawa. Hata ndege ya 7h00 ikifika N'Djili 8h15, bado kuko zaidi ya kilometa 20 mpaka Gombe, na magari ya Kinshasa yanashikana vile wote wanajua. Afazali kufika jana yake.

Bila ndege? Treni kupitia Tenke, Kamina na Kananga mpaka Ilebo, njia iliyofika kule mu 1928, ni zaidi ya kilometa 1.500. Pale unashuka, unapanda mashua ku Kasaï, karibu kilometa 800 zingine. Hiyo haihesabiwe kwa masaa, ni kwa majuma.

Na ukifungua karte, utashangaa: Nairobi iko mbali na Lubumbashi karibu sawa na Kinshasa, Dar es Salaam iko karibu zaidi, na Lusaka haipite kilometa 450. Lakini pasipoti na karatasi nyingi za serikali bado zinatazama upande wa Kinshasa. Ukipigia ofisi ya kule simu 8h30 ya Mulungwishi na hakuna anayejibu, usikasirike: kwao ni 7h30.