Prosesa Siku Hizi Haiungui, Inakupunja Kimyakimya

Msee ananunua kadi ya picha ya pesa mob, anaongeza taa za rangi mpaka kesi inang'aa kama mathree ya Rongai, halafu prosesa anaiachia kafeni kadogo kalikokuja kwa boksi. Baada ya wiki anauliza mbona gemu inaanza poa, kisha dakika kumi zikiisha inakwamakwama. Jibu liko kwa historia, na si historia ndefu.

IBM PC ya 1981 ilikuwa na prosesa ya Intel 8088, na juu yake hakukuwa na chochote. Feni ilikuwa ya pawasaplai tu. Joto lilianza kusumbua kwa 486 za kasi, na Pentium ilipotoka 1993 ikila kama wati 15, kubandika kipande cha alumini chenye mapezi na feni juu yake kukawa kawaida. Alumini inanyonya joto, mapezi yanalitandaza, feni inalipuliza nje. Mpaka leo kazi ni ileile.

Sasa, 2001 Tom's Hardware walitoa video moja noma sana. Walitoa vipoza kwa prosesa zikiwa zinafanya kazi. AMD Athlon ilifuka moshi na kufa ndani ya sekunde chache. Pentium 4 ikapunguza mwendo tu na kuendelea kujikokota. Watu waliicheka AMD, na ilistahili. Lakini angalau ile Athlon ilisema ukweli! Leo prosesa zote zinafanya vile Pentium 4 ilifanya: zikishikwa na joto zinashusha kasi bila kukuambia. Hakuna moshi. Ulilipia gigahezi 4 na kitu, unatumia 3, na unadhani shida ni gemu.

Hata Intel wenyewe joto liliwanyoosha. Pentium 4 za 2004 zilifika wati 115, na ile ya gigahezi 4 waliyokuwa wameahidi wakaifuta mwaka huohuo. Bosi wao, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani mbele ya watu kuomba msamaha, nusu utani. Baada ya hapo kampuni zikaacha kukimbiza gigahezi, zikaanza kuongeza kori.

Kilichookoa upozaji wa hewa ni bomba za shaba. George Grover alizitengeneza Los Alamos, Marekani, 1963, na zikatumika kwa setilaiti kabla zifike kwa meza yako. Ndani kuna tone la maji tu: linachemka upande wa prosesa, mvuke unakimbia hadi kwa mapezi, unapoa, unarudi. Hiyo ndiyo ilizaa minara kama Noctua NH-D14 ya 2009, na Cooler Master Hyper 212 yenye bomba nne, ambayo imebeba wanagemu wa mfuko mdogo miaka na miaka. Kwa hivyo ukiambiwa lazima ununue ya maji, uliza kwanza prosesa yako inakula wati ngapi. Wengi wetu hatuihitaji.

Lakini pima kabla utoe pesa. NH-D15 ina urefu wa milimita 165. Haiingii kila kesi, na kwa zile desktop nyembamba za eks-UK sahau kabisa. Angalia soketi pia. Intel walibadilisha nafasi ya mashimo na LGA1700 ya 2021, kwa hivyo kipoza cha zamani kinahitaji vishikio vipya.

Kufunga si ngumu. Toa ile plastiki nyembamba chini ya kipoza (ndio, kuna watu huisahau). Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya katikati, kiasi cha punje ya njegere. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogokidogo, ukihama kona hadi kona, ndio kipoza kikae sawa. Feni ipulize kuelekea nyuma ya kesi, na waya uende pale mothabodi imeandikwa CPU_FAN. Kisha cheza gemu nusu saa ukiangalia gigahezi, si joto peke yake. Zikianza kushuka joto likipanda, fungua kesi tena uangalie vile kipoza kimekaa.