Mgeni Kijijini Litowa: Swali la Ruvuma, 1963–1969

Katika historia ya Ujamaa nchini kwetu hapana sura inayozusha maswali mengi darasani kama ile ya Ruvuma Development Association, yaani Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Na katika sura hiyo hapana mtu anayeulizwa zaidi kuliko Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekwenda kuishi katika kijiji cha Litowa, wilaya ya Songea, mwaka 1963, pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Wanafunzi wengine huuliza kwa shauku, wengine kwa shaka. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyetoka katika nchi iliyotutawala alikuwa akifanya nini katikati ya wakulima waliokuwa wakijenga Ujamaa, na kati yake na wao ni nani aliyekuwa akimwongoza mwenzake?

Hapana budi kuanza na wenyeji, maana kosa la kwanza la wengi wanaosimulia habari hizi ni kuanza na mgeni. Litowa haikuanzishwa na Ibbott. Ilianzishwa mwaka 1960 na vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walioitikia wito wa Mwalimu Nyerere wa kurudi kwenye ardhi. Jaribio lao la kwanza lilivunjika kwa upungufu wa chakula. Anayezijua mvua za Songea hatashangaa. Kule kuna msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha kama Aprili. Mtu anayefungua shamba jipya porini bila ghala nyuma yake atakutana na njaa ya Januari na Februari kabla mahindi hayajakomaa, na hotuba haichemshwi chunguni. Vijana wale walirudi, wakatafakari, wakaanza upya wakiwa wameelewa kwamba kijiji si kambi ya wiki mbili bali ni maisha. Uamuzi huo wa kuanza upya ulifanywa kabla Mzungu yeyote hajahamia pale.

Ibbott alikuwa mkadiriaji wa gharama za majengo kwa taaluma. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameishi St Faith's, shamba la misheni ya Kianglikana karibu na Rusape katika Rhodesia ya Kusini, ambako Guy Clutton-Brock na wenzake Waafrika walijaribu kulima na kugawana kwa ushirika huku sheria za walowezi zikiwazunguka pande zote. Shamba lile halikudumu. Clutton-Brock mwenyewe baadaye alifukuzwa nchini na serikali ya Ian Smith, na majivu yake yalizikwa mwaka 1995 katika makaburi ya mashujaa mjini Harare, Mzungu wa kwanza kupewa heshima hiyo. Nayataja haya ili msomaji aone kwamba wageni hawatoki wote katika shina moja. Kuna aliyeletwa na ubeberu, na kuna aliyekwisha kushindana nao kwingine kabla hajafika kwetu.

Miaka ile ilikuwa miaka ya wageni wa kujitolea. Uingereza ilianza kupeleka vijana wake nje kwa mpango wa VSO mwaka 1958. Machi 1961 Rais Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wake: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Oktoba mwaka huo huo, kule Ibadan, Nigeria, kijana mmoja wa Peace Corps, Margery Michelmore, aliandika kwenye postikadi akiwaeleza watu wa kwao jinsi alivyoshtushwa na hali ya maisha ya watu mitaani. Postikadi iliokotwa na wanafunzi wa chuo kikuu, ikanakiliwa, ikasambazwa, na maandamano yakafuata. Mwandishi wake aliomba radhi na kurudi Marekani. Wako waliosema wakati ule kwamba wanafunzi wale walikuza jambo dogo. Lakini wanafunzi walikuwa wamekigusa kiini cha mambo: huyu mtu amekuja kuishi nasi, au amekuja kututazama? Mtazamaji huwa na tiketi ya kurudi mfukoni, na barua zake huandikwa kwa watu wa kwao.

Tofauti ya Litowa ilikuwa katika mpangilio wa madaraka, si katika wema wa moyo wa mtu. Wema wa moyo hauwezi kupimwa, na kada asijisumbue kuupima. Kinachopimika ni nani anayeamua. Katika vijiji vya Ruvuma kazi za siku zilipangwa na wanakijiji wenyewe, mapato yaligawanywa kwa uamuzi wa wanachama, na kijiji kilijiunga na umoja kwa hiari yake, si kwa amri. Ibbott alikuwa na cheo cha mshauri. Mshauri huulizwa, husema, kisha mkutano huamua, na mkutano ukiamua vingine, hana polisi wa kumwita wala mshahara wa kuuzuia. Hapa ndipo mgeni anapojaribiwa kila siku. Ataona jembe limeachwa mvuani, ataona mkutano unachukua alasiri nzima kuamua jambo ambalo yeye angelikata kwa dakika 5. Akinyanyuka akaliamua, kazi ya siku hiyo itakwenda vizuri na kijiji kitakuwa kimerudi kwa bwana shamba wa kikoloni. Akinyamaza, pengine hasara itapatikana, nayo itakuwa hasara ya watu wanaojifunza kujitawala.

Zaidi ya hayo, alikuja na familia. Jambo hili hupuuzwa, nami naliona kubwa. Mtaalamu anayekuja peke yake kwa Landrover asubuhi na kuondoka jioni hahitaji kujua kama kisima kimekauka. Mwenye mke na watoto kijijini analijua hilo kabla jua halijatoka. Zahanati ya kijiji inapokosa dawa, kwake nalo ni jambo la nyumbani.

Lakini tusimpambe mgeni. Kuna nguvu moja iliyoingia Litowa pamoja naye, na hakuna unyenyekevu ambao ungeweza kuiondoa: mawasiliano na wafadhili wa ng'ambo. Kinu cha kusaga, mashine ya kupasulia mbao, magari na karakana havikutokana na mahindi peke yake. Anayejua anwani ya mfadhili ana sauti nzito mkutanini hata akinong'ona. Mwaka 1966 jarida la Mbioni la Chuo cha Kivukoni lilichapisha uchambuzi wa umoja huu ulioandikwa na Griffiths Cunningham, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi chuoni hapo, na msomaji wa leo anaweza kukuta jambo la kuchekesha kidogo kwamba hata mhakiki wa wageni wa Ruvuma alikuwa mgeni. Hali ndiyo iliyokuwa hiyo. Nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, na mkoloni ndiye aliyetuachia uchache huo.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, likafuatwa na Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi na Ujamaa Vijijini mwezi Septemba, watu wa Litowa walikuwa wamekwisha kuishi mengi ya yale yaliyoandikwa. Shule yao, chini ya Mwalimu Suleiman Toroka, ilikuwa ikiunganisha masomo na kazi za kijiji kabla Taifa halijaagizwa kufanya hivyo. Mwalimu Nyerere aliwathamini. Kufikia 1969 umoja ulikuwa na vijiji kama 17.

Hata hivyo, tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo.

Wanafunzi hutaka jibu la neno moja hapa: usaliti, au usalama. Historia haitoi jibu la namna hiyo. Tuitazame hali ilivyokuwa. Ng'ambo ya mto Ruvuma Wareno walikuwa wakipigana na FRELIMO tangu Septemba 1964. Mapema mwaka 1965 serikali yetu ilikuwa imewafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa katika kitabu. Mwaka huo huo Peace Corps ilifunga kazi zake nchini. Katika hali kama hiyo, Wazungu wanaoishi vijijini katika mkoa wa mpakani, wenye magari na fedha za nje, lazima wangeulizwa maswali. Kuuliza kulikuwa wajibu.

Ila kulikuwa na ugomvi mwingine ambao haukutoka Lisbon. Wanakijiji wa Ruvuma walizoea kuhoji. Walibishana na maofisa wa mkoa kuhusu zao la tumbaku, na kuhusu nani mwenye haki ya kupanga kazi za kijiji. Kiongozi aliyezoea kutoa amri na kupigiwa makofi aliwaona watu hawa kuwa tishio. Na kwa kuwa hakuweza kuamini kwamba mkulima wa Songea anaweza kukataa jambo kwa akili yake mwenyewe, alitafuta Mzungu nyuma yake. Fikra hiyo ya kwamba Mwafrika akibisha ametumwa ilikuwa fikra ya mkoloni. Ndivyo Bwana Shauri wa Kiingereza alivyosema juu ya wanachama wa TANU mwaka 1955. Ilipozuka tena ndani ya Chama mwaka 1969, waliotukanwa nayo hasa ni Millinga, Toroka na mamia ya wakulima ambao kazi yao ya miaka tisa ilihesabiwa kuwa ya mtu mwingine.

Uamuzi ule ulifuata taratibu za Chama, na kikao kilikuwa na mamlaka. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi mbaya. Kama mashaka yalikuwa juu ya wageni, ilitosha kuwaambia wageni waondoke na kuwaachia wakulima umoja wao. Badala yake mali ya umoja ilichukuliwa, mashine pamoja na magari, walimu wa shule ya Litowa wakatawanywa, na familia ya Ibbott ikaondoka nchini. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, unaomkataza kiongozi kuwa na majivuno na uonevu na kutaka wananchi washiriki katika mipango yao, ulitolewa miezi 17 baadaye, wakati hapakuwa tena na umoja wa Ruvuma wa kuutekeleza. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na operesheni zikaanza. Mkoani Ruvuma, kama kwingine, makada walipelekwa kuwaeleza watu faida za kuishi pamoja. Miongoni mwa waliokaa chini kuwasikiliza walikuwamo watu waliokwenda Litowa kwa hiari yao mwaka 1960.