Minneapolis: Mji Ulioinuliwa na Unga

Jioni ya Mei 2, 1878, kinu cha Washburn A, kando ya mto Mississippi, kililipuka. Hakikuwa na baruti. Kilichoshika moto ni vumbi la unga wa ngano lililojaa hewani. Watu 18 walikufa, na vinu vya jirani vikateketea.

Siku hizi msomaji wa Afrika Mashariki huijua Minneapolis kwa Wasomali wake, wengi wao waliopitia kambi za wakimbizi nchini Kenya. Lakini utajiri wa mji huo wa jimbo la Minnesota ulitoka kwenye maporomoko ya Saint Anthony, katika ardhi ya Wadakota. Nguvu ya maji ilipasua mbao kwanza, kisha ikasaga ngano.

Tatizo lilikuwa ngano yenyewe. Baridi ya huko ni kali mno, hivyo mkulima hungoja theluji iyeyuke ndipo apande, na ngano ya namna hiyo ina punje ngumu. Mawe ya kusagia yaliyavunjavunja maganda yakachanganyika na kiini, unga ukatoka wa kijivu, ukakosa bei. Ndipo ikaja mashine ya kupuliza hewa na kupeperusha pumba, mithili ya mpetaji na ungo wake. Unga ukawa mweupe, bei ikapanda, na vumbi nalo likazidi. Weupe ule, kwa maoni yangu, ndio uliowaua wale 18.

Mwenye kinu, Cadwallader Washburn, alikijenga upya kikiwa na mitambo ya kufyonza vumbi na rola za chuma badala ya mawe. Ufundi wa rola mhandisi wake, William de la Barre, aliufuata hadi Hungary. Mwaka 1880 unga wao ulipata nishani ya dhahabu, ukaitwa Gold Medal hadi leo.

Kufikia 1930 Buffalo, katika jimbo la New York, ilikuwa imeipiku Minneapolis kwa kusaga. Kampuni hazikuhama, kwani zilikuwa zimegundua kwamba jina hulipa kuliko kinu. Mwaka 1921 kampuni ya Washburn ilimbuni Betty Crocker, mwanamke wa kujibu barua za wapishi. Mwaka 1945 jarida la Fortune lilimtaja kuwa wa pili kwa umaarufu kati ya wanawake wa Marekani, nyuma ya Eleanor Roosevelt, ilhali hajawahi kuzaliwa. Washburn A kilifungwa 1965. General Mills, mrithi wa kampuni ile, mwaka 2001 iliinunua Pillsbury, hasimu wake wa ng'ambo ya mto.